Mteko Bila Mlima: Kuporomoka kwa Dini ya Kale ya Buha

Ukifika leo Gwarama, katika nchi ya Buha mkoani Kigoma, na kuuliza nani anagawa mashamba, utaelekezwa ofisi ya kijiji. Ungeuliza hivyo karne moja na zaidi iliyopita, ungepelekwa nyumbani kwa mteko. Yeye ndiye aliyeelewana na wenye ardhi wasioonekana, mizimu ya mahali ambayo Waha, wenyeji wa Buha, waliiita ibisigo, yenye makao yake milimani, kwenye chemchemi na misituni. Mteko alimwonyesha mgeni pa kujenga na pa kulima, akafungua msimu wa kupanda, akawakinga watu na radi, mvua ya mawe na wanyama wakali. Kila mteko alikuwa na eneo lake, na kazi hiyo ilirithiwa ndani ya ukoo.

Ikitajwa habari ya dini kupungua nguvu, fikra zetu hukimbilia Ulaya. Huko Uholanzi, takwimu za taifa za mwaka 2017 zilionyesha kwa mara ya kwanza kwamba wanaojihesabu kuwa na dini hawafiki nusu ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Mkoani Kigoma mambo ni kinyume: kwaya zinashindana na misikiti haikosi waumini. Sensa zetu haziulizi dini tangu ile ya 1967, kwa hiyo hesabu kamili hatuna, lakini hakuna anayeweza kusema kwamba nyumba za ibada zimebaki tupu. Hata hivyo, nyanda hizi zimekwisha kuona dini nzima ikianguka, dini iliyokuwa na viongozi wake, mipaka yake na kalenda yake.

Juu ya yote alikuwapo Imana, Muumba. Wahenga walijengewa vibanda vidogo vya nyasi karibu na nyumba, wakakumbukwa kwa pombe. Wateko walishika mambo ya ardhi. Kando yao walikuwapo wafalme, bami, katika falme kama Heru upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo, na Buyungu, ambako Gwarama imo. Mwami alikuwa na ng'ombe, watwale (machifu wadogo chini yake) na nguvu za kuadhibu, lakini msimu ukiharibika watu walimtazama mteko.

Pigo la kwanza lilitoka serikalini. Wabelgiji waliishika Kigoma tangu 1916 hadi walipowakabidhi Waingereza mwaka 1921. Waingereza wakajenga utawala wao juu ya mwami na watwale, kwa kuwa walitafuta mtu wa kukusanya kodi na kuamua kesi. Mtu ambaye kazi yake ilikuwa kupatanisha mlima na wakazi wake hakuwa na nafasi katika mpango huo. Miaka ya 1930, kwa ajili ya malale, serikali iliwahamisha watu wa Kibondo kutoka maporini na kuwakusanya katika makazi ya pamoja. Maisha ya wengi yaliokolewa, na milima mingi ikabaki bila watu.

Pigo la pili lilikuja na shule, zahanati na katekisimu. Mapadri Weupe, waliofika Ujiji mwaka 1879, walipanda hadi Kabanga karibu na Kasulu. Vikarieti ya Kigoma ikaundwa 1946 na kuwa jimbo 1953. Waanglikana nao walijijenga hadi kupata Dayosisi ya Western Tanganyika, mwaka 1966, yenye makao Kasulu. Wakati huohuo vijana wa Kiha walikwenda kwa maelfu kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro kama manamba, na wengi walirudi na Kiswahili na dini mpya.

Aliyeandika kwa kirefu imani hizo za Waha ni mtu aliyetumwa kuzibadilisha: Askofu Joannes van Sambeek, Mholanzi, wa kwanza kuiongoza vikarieti ya Kigoma. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alikusanya habari za imani na mila za Waha. Nchi aliyotoka ndiyo hiyo ambayo sasa waumini wake wamepungua hivyo.

Lakini pigo lililomaliza kazi lilikuwa Operesheni Kigoma, iliyoanza 1972. Kaya zilizotawanyika vilimani zilihamishiwa vijijini kandokando ya barabara. Padri akihamishwa parokia hubaki padri. Mteko akiondolewa mlimani kwake habaki na kitu, kwa sababu utumishi wake ulikuwa kwa mlima ule na si mwingine. Kanisa halikupoteza kitu kwa hatua hiyo. Katekista sasa aliwafikia kwa dakika chache watu aliokuwa akiwatembelea kwa siku nzima.

Je, jamii ilipata nini na kupoteza nini? Ilipata kusoma, kutibiwa, na undugu unaovuka mipaka ya ukoo. Ilichopoteza si imani. Hofu ya visivyoonekana ilibaki palepale. Aliyeondoka ni mtu wa kuibeba, mwenyeji aliyefahamika na kuulizwa mambo yakienda mrama. Nafasi hiyo imejazwa na wapita njia. Miaka ya karibuni mkoa wa Kigoma umesumbuliwa na kamchape, wanaozunguka vijijini wakidai kufichua wachawi. Jina hilo si geni: vuguvugu la mchape lilitoka Nyasaland miaka ya 1930, na kamchape wakaivuruga Ufipa miaka ya 1950 na 1960. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 inakataza kumtaja mtu kuwa mchawi, lakini magazeti yameripoti ghasia na nyumba kuchomwa. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa kamchape, mgeni huja na mwenyeji akaponzeka, kisha mgeni huyo akaondoka na ada yake. Mteko hakuwa na pa kukimbilia. Akikosea, alikosea mbele ya majirani zake.

Simwombi mtu arudi kwenye vibanda vya nyasi, na wateko nao walikuwa binadamu wenye upendeleo na tamaa. Nasema tu kwamba dini inapoanguka, kinachotangulia kupotea ni dhamana, na imani hubaki ikitangatanga bila mwenyewe. Wanaosoma habari za Ulaya watafute hilo kwanza.

Kwa sasa halmashauri za vijiji, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, hutoa hati za hakimiliki ya kimila. Mwenyekiti na mtendaji wa kijiji huweka saini. Jina lina "mila" ndani yake, ila mteko hana mstari kwenye karatasi hiyo. Basi kabla ya kupima mashamba, wazee wa Gwarama waulizwe majina ya maeneo ya wateko, milima yake na chemchemi zake, na majina hayo yaandikwe kwenye daftari la kijiji.