Mrithi Aliye Bado Tumboni: Kiti cha Ufalme na Mirathi ya Nyumbani

Mfalme Alfonso XII wa Hispania alifariki Novemba 1885, akamwacha mkewe Maria Cristina na mimba, pamoja na mabinti wawili. Binti mkubwa, mwenye miaka 5, hakutawazwa, kwani akizaliwa mwanamme ndiye angetangulia. Mama akashika dhamana ya utawala, kiti kikasubiri karibu miezi sita. Tarehe 17 Mei 1886 alizaliwa mwanamme, akawa Mfalme Alfonso XIII hapo hapo. Dada yake akakosa chote.

Ufalme haugawiki. Mirathi yetu hugawika, na binti ana fungu lake, lakini suala la kusubiri ni lile lile. Hapa ndipo familia nyingi huharakisha: arubaini haijafika, ndugu wa marehemu ameshaita watu nyumba igawiwe, na mjane ana mimba.

Aliye tumboni ni mrithi kwa masharti mawili: mimba iwepo wakati marehemu anafariki, na mtoto azaliwe hai. Akilia au akinyonya, uhai wake umethibiti.

Tuchukue mfano. Mtu ameacha mke mjamzito na ndugu yake wa baba mmoja mama mmoja. Hana mzazi, babu wala mtoto mwengine. Baada ya kulipa madeni na kutekeleza wasia zimebaki shilingi milioni 24. Akizaliwa mwanamme, mke hupata milioni 3, mtoto 21, na ndugu hana kitu. Akizaliwa mwanamke, mke 3, mtoto 12, ndugu 9. Akizaliwa amekufa, mke 6, ndugu 18. Basi leo mke apewe milioni 3, kwani hizo ni zake kwa hali yoyote. Ndugu asubiri, hata kama yeye ndiye mkubwa wa ukoo.

Wakiwepo watoto wengine, madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu visiwani tunayafuata, hayawapi kitu mpaka mama ajifungue, kwa kuwa idadi ya walio tumboni haina mpaka unaojulikana. Mahanbali huweka kando fungu la watoto wawili, wakagawa lililobaki.

Na akizaliwa hai kisha akafa baada ya saa moja, ameshakuwa mrithi, naye hurithiwa. Katika mfano wetu, zile milioni 21 za mwanamme, mama yake huchukua 7 na ami yake 14. Kwa hiyo mkunga aulizwe mapema kama mtoto alilia, na jibu liandikwe kabla ya kwenda kwa Kadhi.

Wallahu A'lam.