Kambi ya Aguthi yarudi, safari hii ndani ya kompyuta

Julai mjini Nyeri baridi huuma masikio, na vijana wasio na shughuli wanajua pa kujificha. Ni chumba kimoja nyuma ya duka la simu, pazia zito mlangoni, runinga mbili, benchi la mbao na PlayStation ambazo padi zake zimefungwa utepe mweusi. Kandanda ndiyo inayolipa kodi ya chumba. Lakini kwenye runinga ya pembeni hakosekani mmoja asiyetaka kelele, anayecheza hadithi.

Niliyemkuta mara ya mwisho alikuwa ndani ya Red Dead Redemption 2, gemu iliyotoka Oktoba 2018 kuhusu genge la wahalifu Marekani mwaka 1899. Mhusika wake, Arthur Morgan, alikuwa amesimama kando ya farasi akikohoa. Kijana hakubonyeza kitu. Alimngoja amalize.

"Huyu ana TB, mzee," aliniambia, kwa sauti ile tunayotumia tukizungumzia mjomba aliyelazwa.

Arthur anaambukizwa akiwa kazini, anapompiga mkulima mgonjwa anayedaiwa pesa na genge lake. Mkulima anamkoholea usoni, basi. Saa nyingi za mchezo hupita kabla ugonjwa haujajitokeza, na wengi hurudi nyuma kutafuta ni wapi walipoupata. Hakuna anayesifia ubora wa picha hapo. Mtu amezama; ameisahau padi mkononi.

Watengenezaji wa gemu wameliwinda jambo hilo kwa miaka mingi. Mwaka 2004, San Andreas, gemu iliyowafundisha vijana wengi wa Kenya kuendesha gari kabla hawajashika usukani, ilikuwa na mhusika, CJ, aliyenenepa akila ovyo na kukonda akikosa chakula. Baadaye, katika Assassin's Creed Unity ya 2014, msanii mmoja alitumia takriban miaka 2 kujenga kanisa la Notre-Dame la Paris ndani ya kompyuta. Kanisa lenyewe liliposhika moto Aprili 2019, kampuni ya Ubisoft ilitoa gemu hiyo bure kwa siku chache, watu wakamiminika kulizunguka kanisa lililokuwa limeungua juzi tu.

Mahali petu hapakupata fundi wa namna hiyo. Ubisoft haohao walitoa Far Cry 2 mwaka 2008. Kikosi chao kilisafiri hadi Kenya kuiona nyika kwa macho, na inaonekana walitazama vizuri: nyasi zinashika moto na moto unafuata upepo, bunduki kuukuu inakwama, ramani unaishika mkononi huku ukiendesha gari, na malaria inakupiga usipomeza dawa. Hata mtambo wa programu walioutumia waliuita Dunia. Ila ukiuliza nchi yenyewe ni ipi, haina jina. Ni nchi ya vita tu, ya vumbi na mamluki. Mwaka uliofuata Capcom ya Japani ikaleta Resident Evil 5, yenye mji wa kubuni wa Kijuju uliowekwa Afrika Magharibi. Maadui wake wanaitwa Majini, na Majini hao wanapiga kelele kwa Kiswahili. Nasema tena: Afrika Magharibi, kwa Kiswahili. Mchezaji wa Osaka hakujua tofauti. Yule wa Karatina alicheka mpaka akapigwa shoka.

Wakenya nao hawakukaa bure. Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, gemu ya 3D iliyompa msichana wa Kiafrika nafasi ya shujaa wakati hapa nyumbani hakukuwa na wa kumfunza kazi hiyo. Mwaka 2015 Andrew Kaggia akaja na Nairobi X, ambamo viumbe kutoka anga za juu wanaivamia Nairobi na wewe unawafyatulia risasi katika mitaa unayoijua. Raha ya kuyaona majengo yako ndani ya runinga si ndogo. Hata hivyo zote mbili zilitumia mahali kama pazia la nyuma ya jukwaa. Unapita, unapiga, unaondoka.

Kazi ya kompyuta iliyoyachukulia mazingira ya Mlima Kenya kwa uzito, kwa maoni yangu, haikutoka kwa watu wa gemu. Ilitoka kwa watu wa historia, na ilijengwa Nyeri.

Mwaka 2018 kikundi cha Wakenya na Waingereza kilianzisha Museum of British Colonialism, jumba la makumbusho lisilo na jengo. Mmoja wao ni Chao Tayiana Maina, Mkenya aliyesomea Glasgow namna ya kuonyesha urithi wa kale kwa kompyuta, na mwanzilishi wa shirika la African Digital Heritage. Walijiuliza swali jepesi la kusema: kambi walimozuiliwa wazee wetu wakati wa Hali ya Hatari zilifananaje? Wakachagua kambi mbili za kazi za Nyeri, Aguthi na Mweru, waanze nazo.

Tukumbushane. Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari dhidi ya Mau Mau, wapiganaji waliopinga ukoloni, tarehe 20 Oktoba 1952, na haikuondolewa mpaka Januari 1960. Takwimu rasmi za serikali ya kikoloni zilitaja watu wapatao 80,000 waliowekwa kizuizini. Mwanahistoria Caroline Elkins anakadiria kuwa walikuwa mara 2 hadi 4 ya hao. Kuanzia Juni 1954, wengine zaidi ya milioni moja walihamishwa kwa nguvu kutoka mashambani mwao na kurundikwa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa mahandaki. Kina mama ndio waliochimba mahandaki hayo, ngati, yaani walinzi wenyeji wa upande wa wakoloni, wakiwasimamia, na chini yake vikapandwa vijiti vilivyochongwa vikawa kama mikuki. Kambi za wanaume zilipangwa kwa ngazi: mtu aliteremshwa kutoka kambi kali hadi kambi ya kazi karibu na kwao kadiri alivyokubali "kutubu", na aliyekaidi alirudishwa juu. Mifereji inayonywesha mpunga wa Mwea, ule tunaoupikia pilau, ilianza kuchimbwa kwa mikono ya watu hao.

Sasa jaribu kuijenga kambi kama hiyo kwenye kompyuta. Mjenzi wa Notre-Dame alikuwa na kanisa limesimama, picha kwa maelfu na michoro ya karne nyingi. Kwa Aguthi, wenye michoro ndio waliokuwa na sababu ya kuipoteza. Wakoloni walipokaribia kuondoka, karatasi zilichomwa na nyingine zikasafirishwa. Ni mwaka 2011, katika kesi ya wazee wa Mau Mau huko London, serikali ya Uingereza ilipokiri kwamba masanduku ya mafaili yalikuwa yamefichwa Hanslope Park. Miaka miwili baadaye ilieleza masikitiko yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228.

Kwa hiyo wajenzi walirudi kwenye vitu viwili, kuta na wazee. Kuta zipo kwa sababu ya jambo ambalo mgeni huambiwa mara mbili ndipo aamini: kambi ya Aguthi leo ni Shule ya Upili ya Wasichana ya Kangubiri, na ile ya Mweru ni Shule ya Upili ya Mweru. Baadhi ya majengo ya kambi bado yamesimama katika viwanja vya shule. Wanafunzi hupita kando yake wakienda darasani na daftari kwapani. Kikundi kilifika, kikapiga picha, kikakagua kilichobaki, kisha kikawasikiliza waliokuwemo. Palipokosa ukuta, kumbukumbu ya mzee ilijaza: seng'enge ilipita wapi, mnara wa mlinzi ulitazama upande gani.

Nikiitazama picha ya kambi iliyojengwa hivyo, haijaribu kunitisha. Mabanda yamepangwa kwa mistari, minara imesimama, seng'enge imezunguka, handaki liko nje. Hakuna damu, hakuna muziki wa huzuni. Mchezaji wa gemu za kisasa angesema picha zimepitwa na wakati, na angekuwa na haki. Kinachokubana ni umbali. Unaona jinsi mnara ulivyo karibu na banda, na unaelewa kwamba hakuna neno ambalo watu wawili wangenong'onezana uwanjani mle pasipo jicho juu yao. Vitabu vyote nilivyosoma kuhusu Hali ya Hatari havikuwahi kunipa jambo hilo dogo.

Kinachokaribia ni kimoja, nacho ni cha huku kwetu. Gakaara wa Wanjau, mwandishi na mchapishaji wa Karatina, alikamatwa Oktoba 1952 na kukaa kizuizini hadi mwishoni mwa miaka hiyo ya hamsini, akipitia kambi kadhaa zikiwemo za Manda na Hola. Aliandika shajara kwa siri. Aliichapisha kwa Kikuyu mwaka 1983, Mwandĩki wa Mau Mau Ithaamĩrio-inĩ, nayo ikatwaa Tuzo ya Noma mwaka 1984. Ukiwa na kambi ya kompyuta mkono huu na shajara ya Gakaara mkono ule, ndipo unapoona gemu ya hadithi ambayo hakuna aliyeitengeneza.

Je, itengenezwe? Hapo nasita. Hatari ya kila uhalisia wa kompyuta ni kugeuka Treetops. Hoteli ile ilijengwa juu ya mti mwaka 1932, karibu na Nyeri, ili mgeni auone msitu wa Aberdare usiku bila kuugusa wala kuguswa nao. Wapiganaji waliokuwa wakilala ndani ya msitu huohuo waliichoma mwaka 1954. Kambi ya mateso ikifanywa mahali pa kutembezwa kwa padi, halafu ukazima mtambo ukanywe chai, umepata Treetops nyingine.

Lakini kuna waliofaulu bila kufika huko. Mwaka 2014 kampuni ya Poland, 11 bit studios, ilitoa This War of Mine, iliyotokana na kuzingirwa kwa Sarajevo. Ndani yake huna jeshi. Una watu watatu wanne wenye njaa katika nyumba iliyobomoka, na kila usiku unaamua nani atoke kuiba chakula, na kwa nani. Mwaka 2020 serikali ya Poland iliiingiza katika orodha ya kazi za kujisomea shuleni. Ubisoft nao, Februari 2018, waliongeza kwenye Assassin's Creed Origins ziara ya Misri ya kale iliyoondolewa mapigano yote, mwalimu na darasa lake watembee tu. Nikiulizwa, gemu ya Aguthi ingefuata njia ya Poland. Mchezaji asipewe bunduki. Apewe karatasi ya kuficha, kama Gakaara, na mnara unaomtazama.

Kifaa si kikwazo tena. Programu za kujengea ulimwengu wa 3D zinapatikana bure, na hapohapo Nyeri kuna Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, chenye jina la kiongozi wa Mau Mau aliyenaswa ukingoni mwa msitu wa kaunti hii tarehe 21 Oktoba 1956 akanyongwa Februari iliyofuata. Kikwazo ni miaka. Aliyekuwa na umri wa miaka 20 handaki likichimbwa mwaka 1954 sasa amevuka 90. Kile ambacho kampuni za Ulaya hulipia mamilioni, yaani mtu anayejua mlango ulifunguka upande gani, huku kimekaa kwenye kiti nje ya jiko kikiota jua.

Basi ukienda nyumbani wikendi hii, Tetu, Mathira, Othaya, Kerugoya au popote chini ya mlima, na ukamkuta cũcũ au guka, yaani bibi au babu, bado anakumbuka, usimwulize alijisikiaje. Mwulize lango lilitazama wapi, maji yalichotwa wapi, na kutoka mlangoni hadi handakini zilikuwa hatua ngapi. Simu yako ina kinasa sauti. Kiwashe kabla hajaanza.