Miti Iliyoutangulia Mnazi

Nangara, kata mojawapo ya mji wa Babati katika mkoa wa Manyara, ni nchi isiyo na mnazi. Iko ndani ya Bonde la Ufa, zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya usiku wake haiupi mti huo nafasi ya kuzaa. Mtu wa visiwani akifika huko hulakiwa na mlima Kwaraa na ziwa Babati lenye viboko wake; husikia Kigorowa na Kiiraqw vikizungumzwa pamoja na Kiswahili; na chakula anachoandaliwa hakina tui. Ni rahisi kwake kudhani kwamba ameiacha pwani jamii nzima ya miti iliyomlea, ile iliyompa kuti la paa, mkeka wa kulalia na kikapu cha sokoni.

Dhana hiyo si sahihi. Kaskazini ya Babati, kwenye chemchemi za ziwa Manyara na kando ya mto Tarangire, mikindu na mikoma huota porini pasipo mkono wa mpandaji, na ukoo wake ulikuwapo huko kabla ya chombo cha kwanza kutia nanga Unguja. Miti hiyo ni ndugu wa mnazi. Tofauti yao ni kwamba yenyewe ni wenyeji wa nchi hii, na mnazi ni mgeni.

Ugeni wa mnazi si neno la kuwaudhi watu wa pwani. Mwaka 2011 wanasayansi walichapisha uchunguzi wa chembe za urithi za minazi zaidi ya 1,300 kutoka pande nyingi za dunia. Waliona kwamba minazi yote imegawanyika katika makundi mawili makubwa, moja la Pasifiki na jingine la Bahari ya Hindi, na kwamba upande wa kusini-magharibi wa bahari hii, Madagaska na Ngazija zikiwamo, makundi hayo mawili yamechanganyika. Mchanganyiko huo ni alama ya mabaharia waliotoka Asia ya Kusini-Mashariki wakiwa na nazi katika vyombo vyao. Mnazi basi ulikuja na watu, ukapandwa na watu, na mpaka leo hukaa pale walipo watu. Ulipokwisha kukaribishwa ukakamata shamba, jiko, paa na methali. Ndiyo maana msomaji wa pwani akisikia habari za miti ya jamii hiyo, fikra yake hukimbilia mnazi kwanza, na mara nyingi huishia hapo hapo.

Kiswahili hakina jina moja la mazoea linaloikusanya jamii yote hii. Kina jina la kila mti, na mara nyingi la jani lake na la tunda lake, jambo linaloonyesha kwamba wasemaji wake waliijua miti hiyo mmoja mmoja, kwa kuitumia. Mkindu ni ndugu wa karibu wa mtende wa Arabuni. Huota kwa mafungu, mashina kadhaa pamoja, kandokando ya mito na vinamasi, na majani yake ndiyo ukindu. Mkoma, ambao wengine huuita mkoche, una majani yaliyokunjuka mfano wa kipepeo cha mkono. Katika baadhi ya aina zake shina hugawanyika mara mbili, na kila tawi likagawanyika tena, jambo lililo nadra katika jamii hii. Majani yake ndiyo miyaa, na tunda lake ni koma. Mvumo husimama peke yake, mrefu na mnene, shina limevimba katikati, katika nyanda zenye maji ya karibu kama zile za Rufiji. Mwale hutia miguu majini kabisa. Jani lake ni miongoni mwa majani marefu kuliko yote duniani, na kila shina lake huzaa mara moja tu katika uhai wake, kisha hufa. Asili ya mchikichi ni misitu ya magharibi na Kongo, ingawa leo jina lake limefungamana na Kigoma.

Kuna tofauti nyingine ambayo wakulima huijua. Mnazi mmoja hubeba maua ya kiume na ya kike, na kwa hiyo mti ulio peke yake uani huweza kuzaa. Mkindu, mkoma na mvumo ina miti dume na miti jike. Mkindu jike uliobakizwa shambani baada ya wenzake kufyekwa hubaki kijani miaka mingi, lakini hauachi uzao. Anayepita huona mti, akadhani kwamba mkindu bado upo.

Jambo linaloiunganisha miti hii ya asili ni maji, hata mahali ambapo mvua ni chache. Mkindu hufuata mto, mwale hufuata kinamasi, na mkoma wa nchi kavu huota pale ambapo mizizi inayafikia maji yaliyojificha chini ya mchanga. Msitu wa ziwa Manyara ni ushahidi ulio wazi. Mgeni akiingia humo hudhani yumo katika msitu wa mvua nyingi: miti mirefu, kivuli kizito, mikindu iliyosongamana. Hata hivyo, mvua ya eneo hilo haitoshi kuulea msitu wa namna hiyo. Maji yake hunyesha juu, katika nyanda za Ngorongoro na Mbulu, huzama ardhini, kisha hutokeza chini ya ukingo wa Bonde la Ufa kwa chemchemi zisizokauka. Msitu ule unakunywa mvua iliyonyesha kwingine. Sehemu hiyo ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1960, na Tarangire ikafuata mwaka 1970. Huko Tarangire ndovu hula matunda ya mkoma, na kokwa ngumu hutoka katika kinyesi chake mbali na mti mama. Kwa njia hiyo ndovu humpandia mkoma mashamba ambayo mwanadamu hakuyalima.

Ndovu hao hao ndio waliowaleta watu wa pwani huku. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Pangani ilishika njia ya Irangi kutafuta pembe, na wafanyabiashara Waislamu wa pwani wakafanya makazi Kondoa, kusini ya Babati. Watu waliolalia mikeka ya ukindu kwao wakapita nchi ambayo mkindu huota bila mwenyewe. Mwaka 1892 mwanajiografia wa Austria, Oscar Baumann, aliyeanzia Tanga, alifika ziwa Manyara na kupita nchi ya Wambugwe, kaskazini ya Babati ya leo. Baadaye alikuwa balozi mdogo wa Austria na Hungaria huko Unguja, na kitabu chake juu ya kisiwa cha Pemba kilitoka mwaka 1899, mwaka ambao pia alifariki. Ni wachache katika zama zake walioandika habari za nchi zote mbili. Katika vitabu vyake, kama katika fikra za wengi, Manyara na Pemba ni safari mbili zisizokutana. Miti ingeweza kuzikutanisha.

Pemba nayo ina mwenyeji wake ambaye hapatikani porini penginepo popote duniani. Watu wa kisiwa humwita mpapindi. Ni mti mwembamba, wenye shina la pingili zinazoonekana wazi, na makao yake makuu ni msitu wa Ngezi, kaskazini-magharibi ya kisiwa. Jamaa zake wa karibu hawako Tanga wala Usambara; wako Ngazija na visiwa jirani, na hasa Madagaska. Mlango wa bahari unaoitenga Pemba na bara ni wa kina kirefu, mamia ya mita, na wakati Unguja ilipounganika na bara katika zama ambazo bahari ilipungua, Pemba ilibaki kisiwa. Mpapindi ni alama ya utengano huo wa kale.

Wataalamu wamepata taabu kumpa jina. Mwaka 1962 Harold Moore, bingwa wa Kimarekani wa miti ya jamii hii, aliueleza mti huo kwa mara ya kwanza katika maandishi ya kisayansi. Mwaka 1995 wataalamu wengine waliuhamisha, wakautia katika ukoo mwingine, na mwaka 2022 ukarejeshwa katika ukoo wake wa kwanza. Kwa muda wote huo Wapemba waliendelea kusema mpapindi, na hawakulazimika kusahihisha neno.

Kubaki kwa Ngezi kulitokana zaidi na udongo kuliko huruma ya watu. Baada ya tufani ya mwaka 1872 kuiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyokuwa shamba kuu la karafuu, na misitu mingi ya kisiwa ikafyekwa kuupisha mti huo, mgeni mwingine aliyekuja na jahazi. Sehemu kubwa ya Ngezi ina mchanga mweupe usio na rutuba ya kuulea mkarafuu, na kwa hiyo haikutamaniwa na wenye mashamba. Kilichobaki ni eneo la kilomita za mraba zipatazo 14. Mti usio na makao mengine duniani umetegemea ubovu wa udongo wake.

Fasihi ya Kiswahili haikuisahau kabisa miti ya asili. Katika kisa cha Fumo Liyongo, kilichosimuliwa Unguja na kuchapishwa na Edward Steere mwaka 1870, na kilichotungiwa utendi na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, adui zake walibuni hila ya kikoa: watu wale makoma, kila mmoja akipanda mti kwa zamu yake kuwaangulia wenzake. Nia yao ilikuwa kumpiga mishale Liyongo atakapokuwa juu, mikono yake imekumbatia shina. Zamu yake ilipofika, Liyongo hakupanda. Alitwaa uta wake, akayaangua makoma kwa mishale akiwa amesimama chini. Hila hiyo haiwezi kusimuliwa chini ya mnazi wa shamba, kwa kuwa mnazi una mwenyewe, na kuangua nazi za mtu bila idhini ni wizi. Mkoma wa mwituni ni wa wote, na hapo ndipo neno kikoa linapopata maana. Msomaji asiyewahi kuuona mkoma hukosa nusu ya kisa.

Hasara ya namna hiyo imeanza kuonekana katika mikono ya wasukaji pia. Ukindu hukatwa ungali mchanga, hukaushwa juani, huchanwa chane, hutiwa rangi, husukwa ukili, na kili hushonwa moja baada ya nyingine mpaka mkeka utimie. Kila hatua ina neno lake, na maneno hayo yamehifadhiwa na wanawake, kwa sababu kazi hiyo katika visiwa ni yao. Mkeka wa plastiki hauhitaji lolote kati ya maneno hayo. Hununuliwa dukani ukiwa umekamilika, huoshwa kwa maji, na bei yake humfaa mwenye kipato kidogo. Si haki kumlaumu mnunuzi. Lakini msichana asiyejifunza kuchana ukindu hatakuwa na sababu ya kujua mkindu dume na mkindu jike, wala ya kumzuia mtu anayeufyeka ili alime mpaka ukingoni mwa mto. Mti uliokosa mtumiaji hukosa pia mtetezi.

Wapo watakaosema kwamba miti hii haina hofu, kwa kuwa imo ndani ya hifadhi. Ngezi ni hifadhi, Manyara ni hifadhi, Tarangire ni hifadhi. Hata hivyo mpaka wa hifadhi huzuia shoka, hauyashiki maji. Mikindu ya Manyara hunywa maji yanayotoka nyanda za juu zenye vijiji, mashamba na mifugo, na mti uliozoea kunywa mvua ya mbali huumia kwa ukame wa mbali. Kwa sababu hiyo mkulima wa Mbulu anayeacha msitu wa chemchemi usimame anailinda mikindu ambayo huenda hataiona.

Kikoa, kwa maana yake njema, ni utaratibu wa kula kwa zamu: kila mmoja hutoa, na kila mmoja hubakiziwa. Adui za Liyongo waliugeuza kuwa mtego, lakini haukuanza hivyo. Wasukaji wa ukindu huufuata kanuni hiyo hiyo pale wanapochukua majani machanga na kuuacha moyo wa mti, ili mwakani mwingine apate. Mzaliwa wa Nangara na mzaliwa wa Ngezi hawajapanda mti mmoja kuangua tunda, wala lafudhi zao hazifanani. Mmoja akisema mkindu, mwingine humfahamu, maadamu miti yenyewe ingali imesimama huko na huku.