Upimaji wa ufahamu

Upimaji wa ufahamu ni kazi ya kukadiria msomaji ameelewa kiasi gani cha alichosoma, kwa kumuuliza maswali ya mdomo au ya kuandika. Swali lililozoeleka ni lile ambalo jibu lake limo ndani ya sentensi moja ya kifungu, nalo halipimi uelewa. Chukua sentensi ya maneno yasiyo na maana: "Kibwefu kilitonga vimaleo mtoni." Mwanafunzi akiulizwa kibwefu kilitonga nini, atajibu "vimaleo" na kupata alama zote, maana ngeli na mpangilio wa maneno vimemwongoza. Lakini akiulizwa kwa nini mhusika wa hadithi fulani alinyamaza, ilhali hadithi haikutaja sababu, hana pa kunakili. Lazima aunganishe matukio.

Wapo wanaopinga wakisema kwamba maswali ya aina hii husahihishwa kwa kubahatisha. Hoja hiyo ina uzito, lakini tiba yake ni mwongozo unaokubali kila jibu lenye ushahidi katika hadithi, na wasahihishaji wawili wanaolinganisha alama. Kigumu zaidi ni hali ya mtoto aliyeelewa ila hajamudu kuandika: kumkata alama za ufahamu kwa sababu ya tahajia ni kumwonea. Maswali ya mdomo huepusha hilo: Tathmini ya Uwezo, iliyoanzishwa mwaka 2009 na kufanyika majumbani Kenya, Tanzania na Uganda, ilimpa mtoto hadithi ya kiwango cha darasa la pili, kisha ikamuuliza kwa mdomo. Tahajia ipimwe kwa alama zake yenyewe.