Ng'ombe Apigaye Pembe

Katika Kutoka 21, Musa anatoa sheria ya ng'ombe aliyempiga mtu pembe hadi akafa. Ng'ombe hupigwa mawe, na mwenyewe hana hatia. Lakini kama ng'ombe alikuwa na desturi hiyo, mwenyewe akaonywa na asimfunge, mwenyewe naye hustahili kufa. Hata Hammurabi wa Babeli, yapata mwaka 1750 kabla ya Kristo, alimtoza faini mwenye ng'ombe aliyeonywa akapuuza.

Sisi tuliochunga utotoni tunaielewa sheria hii. Ng'ombe hujichagulia njia, lakini ana zizi, na zizi lina mwenyewe.

Usiku wa Machi 18, 2018, mjini Tempe, Arizona, nchini Marekani, gari la majaribio la Uber lililokuwa likijiendesha lilimgonga na kumwua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara akikokota baiskeli. Wachunguzi wa serikali walikuta kwamba mitambo ilimwona sekunde 5.6 kabla, ikawa inabadili mawazo: ni gari, ni kitu kisichojulikana, ni baiskeli. Haikuwa imetengenezwa kumfikiria mtu avukaye pasipo kivuko. Breki ya dharura ya kiwandani ilikuwa imezimwa. Naye mwangalizi aliyeketi usukani alikuwa akitazama simu.

Mwaka 2019 mwendesha mashtaka hakuona msingi wa kuishitaki kampuni kwa jinai, ingawa wachunguzi waliulaumu pia udhaifu wake katika usalama. Mwaka 2023 mwangalizi alikiri kosa la kuhatarisha maisha, akawekwa chini ya uangalizi kwa miaka 3.

Hatumtetei mwangalizi, alipewa kazi ya kukesha, hakukesha. Lakini Musa haulizi tu nani alikuwa karibu na pembe. Anauliza nani alijua, na nani alikuwa na uwezo wa kufunga.

Leo akili unde inajibu barua, inahamisha fedha na kuchambua maombi ya mikopo, mara nyingine bila kumwuliza mtu. Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, anatufundisha kwamba amri ya tano inadai zaidi ya kutomdhuru jirani: inadai tumsaidie. Basi, kabla hatujaifungulia mashine zizi, katika ofisi za usharika wetu au popote, tuulize: nani ameijaribu? Aliyeumizwa atamlilia nani? Kamba iko mkononi mwa nani? Kama hakuna jina la mtu la kujibu, ibaki zizini.