Kutoka Taar Hata Kivinjari

Msomaji, mtu wa Sangailu, kule kusini mwa Garissa karibu na msitu wa Boni, asemapo na nduguye aliye Minneapolis huku wakionana nyuso, usidhani kwamba jambo hilo lilizuka ghafula.

Makambi ya Dadaab yalipoanza mwaka 1991, Wasomali wengi waliokimbia vita walikuwa wametengana na jamaa zao. Waliwatafuta kwa taar, yaani redio ya kupeleka na kupokea sauti. Iliwabidi watu wa pande zote mbili waende penye redio, wangoje zamu, kisha waseme mmoja mmoja. Siri haikuwapo: kila aliyefungua mawimbi yale yale aliweza kusikia habari za posa, za deni na za msiba.

Skype ilitokea mwaka 2003, ikaongezewa picha baadaye. Na nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa mwaka 2009. Hata hivyo sharti la taar lilibaki. Kama vile zamani ilivyopasa kuwa na redio huku na huku, sasa ilipasa kila mmoja awe na programu ile ile katika simu au kompyuta yake. Programu ya namna hiyo ina fadhila kubwa, kwani hukaa chonjo ikamwita mwenyewe hata kama hakuitazamia. Lakini hula nafasi, hutaka kufanywa upya mara kwa mara, na wenye mali wakiamua kuifunga, hufungwa, kama Skype ilivyofungwa mwezi wa Mei 2025.

Mwaka 2011 kampuni ya Google ilitoa WebRTC, ufundi uwezeshao kivinjari kupeleka sauti na picha bila kuongezewa kitu; na mwaka 2021 ukathibitishwa kuwa kanuni ya intaneti. Mtu hutumiwa anwani tu. Akiigusa, mazungumzo yameanza.

Je, kivinjari kimeshinda? Mimi sioni hivyo. Mama ambaye simu yake imejaa hapana shaka atakishukuru. Lakini ukurasa huo hapana budi uletwe upya kila safari, nao mtandao wa porini ni dhaifu. Tena kivinjari kilichofungwa kwa kawaida hakimwamshi mtu. Adhuhuri ya Minneapolis ni usiku wa Sangailu. Mwana akitaka kumwona mamaye kwa njia hiyo, ni afadhali wapatane saa mapema, kama watu walivyopatana zamani saa ya kwenda kwenye taar.