Gurudumu Juu ya Theluji

Wengi wetu tuliozaliwa katika nchi ya Kenya tumeiona theluji kwa mbali tu, ikikaa kama kilemba cheupe juu ya vilele vya Kirinyaga asubuhi mawingu yanapojitenga. Twaipenda kwa sababu haituhusu. Haifuniki mashamba yetu, wala haituzuii kwenda shuleni. Lakini ziko nchi ambazo theluji hulala barabarani kwa miezi kadhaa kila mwaka, na watu wake hawana budi kwenda kazini, kupeleka maziwa sokoni na kuwachukua wagonjwa hospitalini kama sisi. Insha hii yaeleza jinsi watu wa nchi hizo walivyojifunza kuendesha motokaa juu ya theluji, hasa motokaa ziendazo kasi. Yaeleza pia jambo la pili walilojifunza, ambalo ni gumu kuliko la kwanza: kulinganisha kitu na kitu kwa haki.

Tuanze na mpira wenyewe. Mpira mbichi, utomvu wa mti, una kasoro mbili. Joto likizidi hulainika na kunata kama gundi. Baridi ikizidi hukakamaa na kupasuka. Mwaka 1839 Mmarekani mmoja, Charles Goodyear, aligundua ya kuwa mpira ukichanganywa na salfa na kupashwa moto hupata nguvu mpya, ukaweza kuvumilia joto na baridi kuliko kwanza. Ugunduzi huo haukumtajirisha. Alikufa mwaka 1860 akiwa na madeni mengi, na kampuni kubwa ya matairi yenye jina lake ilianzishwa na watu wengine mwaka 1898, miaka 38 baada ya kuzikwa kwake.

Baada ya mpira kutulia, ilibaki kazi ya kuutia upepo. Mskoti Robert William Thomson alipata hati ya kulinda uvumbuzi wa gurudumu la upepo mwaka 1845, lakini siku zile hapakuwa na baiskeli wala motokaa za kulitumia, na jambo lenyewe likasahauliwa. Mwaka 1888 Mskoti mwingine, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekaa Belfast, alilivumbua upya kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Mwaka 1895 ndugu wawili Wafaransa, André na Édouard Michelin, walitia matairi ya upepo katika motokaa na kuingia nayo katika mashindano ya kutoka Paris hadi Bordeaux na kurudi, safari ya kilomita zipatazo 1,200. Matairi yao yalipasuka mara nyingi, nao walirudi kwa kuchelewa sana. Watu waliwacheka; lakini haikupita miaka mingi, wale waliocheka nao wakapanda juu ya upepo.

Hata hivyo, mpira wa Goodyear haukuacha kabisa tabia yake ya asili. Tairi lililotengenezwa kwa ajili ya majira ya joto huanza kukakamaa baridi inapozidi. Watengenezaji hupenda kutaja nyuzi 7 za sentigredi kuwa ndipo mahali pa kuanza kufikiri juu ya kubadili matairi, ijapokuwa hapana mpaka uliochorwa kwa wino. Mpira uliokakamaa haushiki tena barabara. Hupita juu yake kama soli ya kiatu kigumu juu ya sakafu iliyopakwa nta.

Msomaji aliyefika katika somo la fizikia aweza kuipima hatari hiyo kwa kalamu yake mwenyewe. Chukua motokaa iendayo kilomita 50 kwa saa. Ikiwa nguvu ya matairi kushika barabara kavu ni sehemu nane katika kumi za uzito wa motokaa, dereva akikanyaga breki atasimama baada ya mita 12 hivi. Juu ya barafu nguvu hiyo yaweza kushuka hata kufikia sehemu moja katika kumi. Hapo motokaa ile ile, na dereva yule yule, itakwenda karibu mita 100 kabla ya kusimama, yaani urefu wa kiwanja cha mpira. Na mwendo ukiongezwa mara mbili, umbali wa kusimama huongezeka mara nne. Basi, si ajabu kwamba watu wa kaskazini walitafuta dawa.

Dawa ya kwanza ilikuwa minyororo, kama ile ambayo madereva wetu walifunga katika magurudumu wakati wa masika ili kupita katika udongo mweusi wenye kunata. Mnyororo husaidia, lakini humlazimisha mtu kwenda polepole, na barabara ikiwa kavu huharibika wenyewe na kuiharibu barabara. Ilikuwa nchi ya Ufini, ambako majira ya baridi ni marefu, iliyotoa tairi lililoundwa makusudi kwa theluji. Kiwanda cha mpira katika mji wa Nokia kilitoa tairi la malori kwa kazi hiyo mwaka 1934, na mwaka 1936 kikafuatia na tairi la motokaa ndogo lililoitwa Hakkapeliitta. Jina hilo lilikuwa la askari wapanda farasi wa Kifini waliopigana katika Vita vya Miaka Thelathini, tangu mwaka 1618 hadi 1648, chini ya bendera ya Uswidi. Wafini walichagua jina la vita kwa sababu waliona ya kuwa kupita katika theluji ni vita.

Siri ya tairi la theluji ni mambo matatu. La kwanza ni mpira wenyewe, uliochanganywa ili ubaki laini katika baridi. Zamani watengenezaji walitegemea masizi kuupa mpira nguvu. Tangu miaka ya 1990 wengi huongeza pia silika, kitu cha jamii ya mchanga, ambacho husaidia tairi kushika barabara yenye maji na baridi. La pili ni mifereji mipana, ambayo huikamata theluji na kuishindilia. Kwa maana theluji hushikana na theluji kuliko inavyoshikana na mpira, kama kila mtoto wa kaskazini ajuavyo afinyangapo tonge la theluji mkononi. La tatu ni mikato myembamba iliyochanjwa katika uso wa tairi. Kila mkato una kingo zake, na kila ukingo hukwaruza barafu kama ukucha.

Baadaye liliongezwa jambo la nne: misumari mifupi ya chuma, iliyopandwa ndani ya mpira ili ichome barafu. Misumari hiyo ilileta usalama mkubwa juu ya barafu tupu. Lakini barafu ilipoyeyuka, ile ile iliyomwokoa dereva iliichimba lami. Ujerumani Magharibi iliikataza mwaka 1975. Katika miji ya baridi ya Japani, kama Sendai, vumbi lililotoka katika barabara zilizokwaruzwa likawa tabu kwa watu wanaopumua, na mwaka 1990 sheria ikatungwa kuizuia. Ufini, Uswidi na Norwe ziliendelea kuiruhusu katika miezi ya baridi. Hapa twaona jambo linalorudi mara nyingi katika historia ya ufundi: faida ya mmoja yaweza kuwa gharama ya jirani yake, na kila nchi huamua kwa kupima hali zake.

Sasa tuzitazame motokaa za mwendo wa kasi. Motokaa ya namna hii huvaa matairi mapana yenye kuta fupi, ambayo juu ya lami kavu hushika vizuri na kugeuka upesi. Theluji huyageuza mambo. Tairi pana huelea juu ya theluji laini, ila tairi jembamba huikata na kutafuta ardhi ngumu iliyo chini. Ndiyo sababu katika mashindano ya motokaa ya Uswidi, yaliyoanza mwaka 1950 na kuhamishiwa majira ya baridi mwaka 1965, magari yenye nguvu kubwa hukimbia juu ya matairi membamba yenye misumari. Mwenye motokaa ya fahari aweza kuona haya kuivika matairi membamba. Lakini theluji haijali fahari ya mtu.

Wengine walidhani injini na mitambo ingeweza kuchukua mahali pa matairi. Mwaka 1980 kampuni ya Audi ilionyesha huko Geneva motokaa yake iitwayo quattro, ambayo nguvu ya injini iligawanywa katika magurudumu yote manne. Ilipanda vilima vya theluji kwa namna ya kustaajabisha. Lakini kuondoka si kusimama. Magurudumu manne yanayosukuma husaidia kwenda. Kwenye breki, motokaa yoyote ina magurudumu manne. Dereva aliyesahau hayo alifika kwenye kona upesi kuliko wenzake, akatoka nje ya barabara upesi kuliko wenzake.

Mwendo wenyewe una alama yake. Matairi huandikwa herufi ya kasi yanayoweza kuvumilia: Q ni kilomita 160 kwa saa, T ni 190, H ni 210, V ni 240 na W ni 270. Kwa hiyo matairi ya baridi yamegawanyika kama makabila mawili. Yale ya kaskazini ni laini sana, hodari juu ya barafu, lakini yana kasi ndogo, na juu ya lami yenye maji hulegea. Yale ya Ulaya ya kati, ambako barabara kuu za Ujerumani huwa na mvua baridi siku nyingi na theluji siku chache, ni magumu zaidi na huvumilia mwendo wa kasi. Lakini juu ya barafu tupu hayafui dafu mbele ya ndugu zao. Mtu akiuliza, “Tairi bora ni lipi?” hana budi kuulizwa naye, “Bora wapi?” Wahenga walisema, mtaka yote hukosa yote.

Kwa kuwa wanunuzi hawawezi kujaribu kila tairi, magazeti ya motokaa ya Ulaya yalijitwika kazi ya kuyalinganisha. Kazi hiyo yataka uangalifu. Motokaa iwe moja, upepo wa matairi uwe sawa, na dereva awe yule yule. Breki hupimwa mara nyingi, kisha hesabu ya katikati huchukuliwa. Na kwa kuwa theluji ya asubuhi si theluji ya adhuhuri, tairi moja hurudiwa tena na tena siku nzima liwe kipimo; likibadilika matokeo yake, wapimaji hujua ya kuwa kilichobadilika ni njia. Aghalabu theluji hupimwa peke yake, barafu peke yake, maji peke yake na lami kavu peke yake, ili sifa moja isifunike aibu nyingine.

Lakini kanuni njema hazitoshi bila watu wa kweli. Mwezi wa Februari 2016 gazeti la Kauppalehti la Ufini lilieleza ya kuwa kampuni ya Nokian, mrithi wa kile kiwanda cha mwaka 1934, ilikuwa imewapa wapimaji wa magazeti matairi yaliyoandaliwa makusudi kwa majaribio, tofauti na yale yaliyouzwa madukani. Kampuni ilikiri, na mkuu wake akaomba radhi. Fikiri, msomaji, juu ya huzuni ya jambo hilo. Hawa hawakuwa mafundi wabovu. Walikuwa wazao wa wavumbuzi, na walijua kazi yao kuliko wengi duniani. Walichokosa si akili. Mwanafunzi aingiaye katika mtihani na karatasi iliyofichwa mfukoni hupata alama, lakini alama hizo si zake. Na siku moja atasimama mbele ya kazi ambayo karatasi ile haiwezi kuifanya. Kwa tairi, siku hiyo ni usiku wa barafu, na mtihani ni mita chache kati ya motokaa na mtoto avukaye njia. Njia ya mwongo ni fupi, na juu ya barafu yaweza kumpitisha mtu asiye na hatia.

Pengine mtu atasema mambo haya ni ya wenzetu. Siyo kabisa. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya Safari, yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Madereva mashuhuri wa Ulaya, waliozoea theluji na barafu, walikuja mwaka baada ya mwaka, wakashindwa na matope, mavumbi na mawe yetu. Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1965, na tena mwaka 1974 na 1976. Haikuwa mpaka mwaka 1972 ambapo mgeni kutoka ng'ambo alishinda kwa mara ya kwanza, naye alikuwa Hannu Mikkola, Mfini. Mtu wa theluji alikuwa amejifunza matope. Ushindi wa nyumbani kwake haukumtosha; alilazimika kuisoma ardhi mpya kwa unyenyekevu, kama mwanafunzi.

Historia ya tairi la theluji, basi, yatufundisha kuuliza maswali mawili kila tunapoambiwa ya kuwa kitu fulani ni bora kuliko vyote. Kwanza, ni bora kwa kazi gani na mahali gani? Pili, ni nani aliyekipima, na alikipata wapi? Mtu aulizaye hayo hadanganyiki upesi, awe ananunua tairi, mbegu za kupanda, au maneno ya mtu anayetaka kura yake.